Kabla ya Kuuliza, Mjue Unayemuuliza

Ukipita kwenye korido ya shule ya sekondari saa nne asubuhi, utasikia mwitikio uleule ukitoka darasa baada ya darasa. Mwalimu anauliza, "Tuko pamoja?" Darasa zima linajibu kwa sauti ya kuvuta, "Ndiyooo!" Anauliza tena, "Kuna mwenye swali?" "Hakunaaa!" Kengele inalia, mwalimu anafuta ubao, anapangusa vumbi la chaki mikononi, anatoka. Mwisho wa mwezi anasahihisha jaribio na kukuta daftari baada ya daftari limejaa alama za kukosa, kisha anawauliza wenzake ofisini: hawa si ndio waliosema wameelewa?

Walisema hivyo kwa sababu ndilo jibu lisilo na gharama. Anayesema "ndiyo" katikati ya sauti tisini hasimamishwi, haulizwi, hachekwi. Anayesema "hapana" anabaki peke yake mbele ya macho ya wenzake na ya mwalimu asiyejua hata anaitwa nani. Mtoto wa miaka kumi na minne anapiga hesabu hiyo haraka kuliko hesabu yoyote tuliyomwandikia ubaoni.

Mimi nafundisha hisabati katika shule ya kata pembezoni mwa Dar es Salaam. Somo langu ndilo ambalo kwa miaka mingi watahiniwa wa kidato cha nne wamekuwa wakilifeli kwa wingi kuliko masomo mengine, kwa hiyo nimekuwa na sababu ya kutosha kujiuliza kwa nini mtoto anayejua chenji yake kwenye daladala kabla konda hajaitoa mfukoni anakuwa bubu akiutazama ubao. Nimesikia majibu mengi: vitabu hakuna, walimu hatutoshi, msingi wa shule ya msingi ni mbovu. Yote yana ukweli wake. Lakini kuna jambo moja lililo ndani ya uwezo wa mwalimu hata katika shule isiyo na vitabu, nalo ndilo ninalotaka kulizungumzia. Mwanafunzi hafungui kinywa darasani mpaka awe na uhakika wa kitakachompata akikosea. Uhakika huo haupati kwa mwalimu asiyemjua.

Najua pingamizi linalokuja. Ada ya sekondari ilipofutwa kuanzia Januari 2016, kidato cha kwanza mpaka cha nne, watoto walimiminika, na ilikuwa heri kubwa kwa familia nyingi. Madarasa hayakuongezeka kwa kasi hiyo. Leo mwalimu wa somo kama langu anaweza kuwa na mikondo minne au mitano, kila mmoja ukiwa na wanafunzi kati ya themanini na mia. Mtu huyo unamwambiaje ajenge ukaribu na kila mwanafunzi? Wenzangu wakiambiwa maneno haya kwenye semina hutazamana na kutabasamu, na siwalaumu. Maneno mengi ya semina yameandikwa na watu wenye madarasa ya watu ishirini na watano.

Ila ukaribu ninaousema si urafiki. Si kupiga soga na wanafunzi, si kuchekesha darasa, wala si kujifanya kijana mwenzao kwa misamiati ya mitaani ambayo wao wenyewe walishaiacha. Ni ujuzi. Ni kumjua mtoto kiasi cha kutosha ili swali lako limfikie yeye badala ya kuangukia sakafuni. Ujuzi huo hukusanywa kidogo kidogo, mahali ambapo mwalimu tayari yupo: getini, kwenye daftari la mahudhurio, kwenye foleni ya uji, pembeni mwa daftari la mazoezi.

Huanzia kwenye jina. Tumezoea kuita "wewe wa nyuma pale", "wewe mrefu", "binti wa dirishani". Mtoto anayeitwa hivyo anaelewa kwamba hata akijibu vizuri, sifa itakwenda kwa dawati. Katika darasa moja unaweza kuwa na akina Neema watatu, Baraka wawili na Juma wasiohesabika, kwa hiyo kazi si ndogo. Njia yangu ni ya kizamani: siku za mwanzo wa mwaka naita mahudhurio mwenyewe, simwachii monita, na kila anayeitikia namtazama usoni kabla sijaweka alama. Kisha nachora ramani ya madawati nyuma ya andalio la somo. Wanafunzi wakigundua kwamba unaijua ramani hiyo wanaanza kuhama viti ili kukujaribu, na mchezo huo wenyewe ni mwanzo mzuri: darasa linalokutania kuhusu majina limeshakubali kwamba unayajali.

Baada ya jina inakuja njia ya kufika shuleni. Mwalimu wa zamu anayesimama getini asubuhi na orodha ya wachelewaji anaweza kuona utoro na uzembe tu. Akiuliza, ataona daladala. Nauli ya mwanafunzi ni ndogo sana kuliko ya mtu mzima, na konda mwenye hesabu ya bosi anajua maana yake. Mtoto anasimama kituoni tangu saa kumi na moja na nusu, gari la kwanza linampita, la pili linambania mlango, la tatu linamkubali akiwa na mwenzake mmoja tu. Anafika shuleni saa mbili na robo akiwa amesukumwa, ametukanwa, shati limetoka nje ya suruali. Pale getini tunampa fagio. Kisha anaingia kwenye kipindi changu katikati ya mfano wa pili, nami namuuliza mbele ya watu kwa nini haelewi.

Sisemi uchelewaji usikemewe. Nasema mchelewaji wa daladala na mchelewaji wa kijiweni wana dawa tofauti, na asiyeuliza anawapa wote dozi moja. Siku hizi mwenye kuchelewa kwa sababu ya gari namwacha aketi, namwambia aliye jirani yake amwonyeshe tulipofika, na dakika kumi baadaye namuuliza swali jepesi analoliweza. Ndiyo salamu yangu kwake. Hakuna hotuba.

Kuna jingine ambalo watu wa mjini hulisahau kwa sababu limezoeleka mno. Mtoto wa Kitanzania anayesoma shule ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi, kisha anaingia kidato cha kwanza na kukuta hisabati, biolojia na jiografia vyote vimegeuka Kiingereza. Huyo mwanafunzi aliyekuwa akinyoosha mkono mpaka anasimama juu ya dawati, aliyekuwa akibishana na mwalimu wake wa darasa la saba kuhusu eneo la pembetatu, ndiye unayemkuta Februari ameinamia daftari. Akili yake haijapungua. Kilichopungua ni maneno ya kuitolea. Na katika shule nyingi bado kuna ule utaratibu wa kumvisha kibao shingoni aliyesikika akizungumza Kiswahili, kibao kinachotembea shingo hadi shingo mpaka jioni, kana kwamba lugha ya mama yake ni kosa la jinai.

Mwalimu anayetaka ushiriki darasani lazima aamue afanye nini na ukweli huo. Mtihani wa taifa utakuja kwa Kiingereza, hilo sina uwezo wa kulibadilisha nikiwa na kipande cha chaki. Ila naweza kuamua kwamba fikra itoke kwanza kwa lugha iliyomo, halafu tuivishe sare ya mtihani pamoja. Mwanafunzi anaeleza kwa Kiswahili jinsi alivyopata jibu. Nikishahakikisha ameelewa, darasa linatafuta sentensi ya Kiingereza, tunaiandika ubaoni, naye ndiye anayeisoma. Wapo wakaguzi wasiopendezwa na njia hii. Lakini kipindi chenye makosa ya sarufi na mabishano ya kweli nakipendelea mara mia kuliko kipindi cha Kiingereza safi ambacho mzungumzaji ni mwalimu peke yake.

Nieleze kipindi kimoja kwa undani, kwa sababu ndicho kilichoniaminisha haya zaidi ya semina zote. Mada ilikuwa faida na hasara, ya kidato cha kwanza. Kitabuni kuna yule mfanyabiashara asiye na jina ambaye kila siku ananunua redio kwa bei fulani na kuiuza kwa bei nyingine, na hajawahi kupata mteja mbishi maisha yake yote. Darasani kulikuwa na binti mmoja mkimya, wa dawati la pembeni, ambaye mikono yake ilikuwa na alama ndogondogo za mafuta ya moto. Nilishajua kwa nini. Tulikuwa tumezungumza siku kadhaa kabla, barazani, yeye na rafiki yake, wakisubiri uji: mama yake anauza vitumbua kituoni, naye huamka saa kumi alfajiri kuchoma kabla ya kuvaa sare. Nilimuuliza kama tunaweza kuitumia biashara ile kama mfano darasani. Alifikiri, akasema, "Sawa mwalimu, lakini usiseme ni kwetu. Nitasema mwenyewe nikitaka."

Nikaandika ubaoni: vitumbua 100, kila kimoja shilingi 200. Nikauliza gharama zikoje. Wale wanaojibu siku zote wakaanza kukisia, mmoja akasema unga wa ngano, wasichana wakaangua kicheko. Ndipo yule binti akanyoosha mkono, kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze, akasema: vitumbua ni mchele. Kilo mbili, 5,000. Mafuta lita moja, 5,000. Nazi mbili, 2,000. Sukari nusu kilo, 1,500. Mkaa 1,000. Hamira na iliki, 500. Jumla 15,000. Darasa likakokotoa: mauzo 20,000, faida 5,000, sawa na theluthi ya gharama. Kitabu kingeishia hapo, na mimi nilikuwa tayari kuendelea na mfano mwingine.

"Hapana mwalimu," akasema, akiwa bado amesimama. "Si kweli kwamba vinauzwa mia."

Akaeleza. Vitano vinaungua au vinavunjika. Vitano vinaliwa na wadogo zake, hao huwezi kuwanyima. Kwa hiyo vinavyofika kituoni ni tisini. Darasa likarudi kwenye karatasi: 18,000, faida 3,000, asilimia 20 ya gharama. Kijana mmoja wa mbele akauliza, je, na wanaokopa? Binti akamgeukia kama mtu aliyekuwa akilingojea swali hilo: pesa iliyo kwenye daftari la madeni si faida mpaka ilipwe, na wadaiwa wabaya kuliko wote ni makonda na walimu. Darasa lililipuka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu kituo kile nakijua na baadhi ya wadaiwa hao nawajua vilevile.

Mambo mawili yalitokea pale ambayo andalio la somo halikuyapanga. Wanafunzi walihama kutoka kukokotoa hadi kubishana kuhusu nini kihesabiwe kama gharama. Mmoja aliuliza kwa nini kazi ya kuamka saa kumi haina bei. Swali hilo wachumi wamelibishania miaka mingi, na hapa limetoka kwa mtoto wa kidato cha kwanza. La pili ni kwamba binti yule hakurudi tena kwenye ukimya wake wa zamani. Hakugeuka bingwa, wala sitaki kumtengenezea hadithi tamu. Ila tangu siku ile alikuwa akinikatiza nikienda mbio, na darasa zima likanufaika na ukatizaji huo.

Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la Machi 1967, alilalamika kwamba shule tulizorithi zilimfanya kijana aamini kwamba maarifa yote yamo vitabuni na kwa waliosoma, akaidharau hekima ya wazazi wake. Naye alijua alichokuwa akikisema: alifundisha Tabora na Pugu kabla siasa haijamchukua, na jina la Mwalimu lilitoka huko. Zaidi ya nusu karne baadaye, mama mwenye karai lake kituoni bado hajaingia kitabuni. Lakini binti yake anaingia darasani kila siku, akiwa na hesabu zote kichwani, akisubiri mtu wa kumuuliza.

Tazama pia lile sharti la yule binti: usiseme ni kwetu. Mwalimu anayejua habari za wanafunzi wake amebeba mzigo wa watu. Habari ya nani analala njaa, nani baba yake ameondoka, nani anashinda stendi akiuza mayai ya kuchemsha mpaka usiku, si zana ya kufundishia ya kunyanyuliwa mbele ya darasa ili mwalimu aonekane yuko karibu na watoto. Nimewasikia walimu wakisema mstarini, kwa nia njema kabisa, "Muigeni mwenzenu huyu, yatima, lakini anaongoza." Mtoto anayesifiwa hivyo hujuta kuwa aliwahi kusema. Mwanafunzi akikuamini ukavujisha, hatakuamini tena, na wenzake waliokuwa wakimtazama hawatakuamini hata mara moja.

Nirudi kwenye swali lenyewe, maana hata ukimjua mtoto, kuna namna ya kumuuliza inayoharibu kila kitu. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alirekodi vipindi vya sayansi kwa miaka kadhaa na mwaka 1974 akachapisha alichokikuta: mwalimu akishauliza swali, kwa kawaida husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kurudia swali, kumwita mwingine au kujibu mwenyewe. Walimu waliozoezwa kusubiri sekunde tatu au zaidi walipata majibu marefu zaidi, wasiojibu walipungua, na wanafunzi waliohesabiwa kuwa wazito walianza kuchangia. Kilichoniuma zaidi katika kazi yake ni kwamba wale waliodhaniwa dhaifu ndio waliosubiriwa muda mfupi kuliko wengine. Yaani anayehitaji muda zaidi ndiye anayenyimwa.

Sekunde tatu ni ndefu kuliko unavyodhani. Jaribu kusimama mbele ya watu tisini ukiwa kimya. Nahesabu moyoni, moja, mbili, tatu, huku natazama dirishani ili nisimtishe mtu kwa macho. Swali hutangulia, kimya kinafuata, jina linakuja mwisho. Ukitanguliza jina, wengine themanini na tisa wanapumzika. Na kwa mtoto anayefikiri kwa Kiswahili halafu ajitafsirie kwa Kiingereza, nadhani hata sekunde tatu hazitoshi.

Halafu jibu likija limekosewa? Hapo ndipo darasa zima linakutazama kuliko wakati mwingine wowote. Tunawaambia kuuliza si ujinga, kisha mtoto akiuliza tunasema, "Hili nimelifundisha jana, ulikuwa wapi?" Au tunamwacha amesimama mpaka wenzake watatu wapate. Wengi wa rika langu tulisoma hisabati chini ya kiboko, kimoja kwa kila swali ulilokosa, na wapo wanaoamini ndicho kilichowafikisha walipo. Kanuni za elimu za Tanzania Bara zinaruhusu kiboko kwa masharti: kitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kitabuni. Kenya ilikipiga marufuku mwaka 2001. Bila kuingia kwenye mjadala huo mrefu, hakuna mahali popote katika kanuni hizo ambapo jibu lililokosewa ni kosa la nidhamu. Anayemchapa mtoto kwa kukosea hesabu anamfundisha jambo moja tu, kwamba ni afadhali kuacha wazi.

Kicheko cha darasa nacho nakihesabu katika silaha. Wakimcheka mwenzao aliyetamka vibaya, simkemei aliyecheka kwa kelele. Namgeukia na kumuomba aendeleze jibu la mwenzake kutoka alipoishia. Kwa kawaida hawezi, na kicheko kinakosa mwenyewe.

Kuna upande wa ukaribu ambao hauna mzaha. Mwalimu wa kiume na mwanafunzi wa kike, na hata mwalimu wa kike na mwanafunzi wa kiume, wanaishi chini ya macho ya watu, na ni sawa iwe hivyo. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Sheria hiyo haikutungwa bila sababu, na jamii inajua kwamba wahusika wengine wametoka ofisi zetu wenyewe. Kwa hiyo mazungumzo na mwanafunzi yafanyike mahali pa wazi: barazani, chini ya mwembe, mlango ukiwa wazi, ikiwezekana akiwa na mwenzake. Hakuna simu za usiku, hakuna kumtuma binti nyumbani kwa mwalimu kuchota maji. Likijitokeza zito, lipelekwe kwa mwalimu wa ushauri na unasihi. Ukaribu unaohitaji kificho si ualimu.

Upendeleo ni hatari ya pili, ndogo kwa sheria lakini kubwa darasani. Wanafunzi wanajua mwalimu anampenda nani kabla mwalimu mwenyewe hajajua. Ukiwa na wanafunzi watano unaowaita siku zote, hao wengine wanageuka watazamaji. Ndiyo maana ile ramani ya madawati naiwekea vidoti vya penseli: niliyemuuliza leo anapata kidoti. Baada ya wiki chache vidoti vinasema ukweli ambao kumbukumbu yangu ingeuficha, hasa kwamba mkono wangu huelekea madawati ya mbele na upande wa dirisha.

Watu wakitaka mfano wa mwalimu aliyeyafanya haya, humtaja Peter Tabichi, bruda Mfransisko wa Kenya, mwalimu wa hisabati na fizikia katika shule ya kutwa ya Keriko, kaunti ya Nakuru, aliyeshinda tuzo ya mwalimu bora duniani Machi 2019. Habari zake zilirudia jambo moja kwa wingi: alikuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kuwasaidia maskini. Ni jambo la kuheshimiwa, lakini sidhani ndilo la kuigwa. Mwalimu mwenye watoto, kodi ya nyumba na mkopo wa benki hawezi kuishi kwa asilimia 20 ya mshahara, na kumwambia afanye hivyo ni kumtwisha mzigo wa serikali. Linalonivutia mimi ni lile lililotajwa kwa mistari michache: kwamba siku za mwisho wa juma alikuwa akiwatembelea wanafunzi nyumbani kwao na kuonana na familia zao, na kwamba alikuza klabu ya sayansi mpaka watoto wa kijijini wakashindana na shule kubwa. Aliwajua walikotoka. Kazi yake ya darasani ilisimama juu ya ujuzi huo.

Nyumba za wanafunzi wote siwezi kuzifikia, lakini ipo ziara moja ambayo sijawahi kuijutia. Mwaka 2021 serikali ilitoa waraka wa kuwaruhusu wanafunzi walioacha masomo, wakiwemo wasichana waliojifungua, kurejea katika mfumo rasmi. Katika mkondo wangu akarejea mmoja, mkubwa kwa umri kuliko wenzake. Minong'ono ilikuwa mingi. Kabla hajaketi darasani hata siku moja nilikwenda kwao kumsalimia bibi yake, anayelea mtoto. Bibi alinikaribisha mkekani, nikampa shikamoo yake, akanieleza saa za kunyonyesha na siku za kliniki. Kwa maelezo hayo nikajua ni siku zipi hatakuwepo na ni vipindi gani vya jioni asipangiwe. Darasani sikusema lolote kumhusu. Nilimuuliza swali siku ya kwanza kama ninavyowauliza wengine, nikasubiri sekunde zangu tatu, akajibu.

Wapo watakaosema yote haya ni kazi ya mzazi. Mzazi anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa tatu usiku humwona mtoto akiwa amelala. Sisi ndio tunaokaa naye mchana kutwa.

Ombi langu ni kwa wakuu wa shule na wataaluma wanaopanga ratiba. Ujuzi huu wa wanafunzi huchukua karibu mwaka mzima kukusanywa, halafu Januari tunachanganya mikondo, tunabadilishana madarasa, na mwalimu aliyewajua tisini wake anapewa tisini wengine wageni. Mara nyingi sababu yake ni mazoea tu, au kuziba nafasi iliyoachwa na aliyehamishwa. Palipo na uwezekano, mwacheni mwalimu aliyeanza na mkondo kidato cha kwanza apande nao mpaka kidato cha pili, ule mwaka wa upimaji, na ikiwezekana mpaka cha nne. Hilo halihitaji bajeti, halihitaji kibali cha wizara. Linahitaji kalamu ya anayeandika ratiba, na Desemba ndiyo wakati wake.